Nani hasa aliichelewesha Me 262: Hitler na mabomu yake, au turbini za Jumo 004?

#1 Nondo za Anga
Wakuu, salaam. Kila uzi wa Vita Kuu ya Pili humu ukigusa Me 262, ndege ya kivita ya jeti ya Wajerumani, lazima atokee mtu aseme "Hitler ndiye aliyeiua, alitaka ibebe mabomu". Mimi nasema hata angekaa kimya mwanzo mpaka mwisho, ndege isingewahi, kwa sababu haikuwa na injini.

Angalieni tarehe. Mchoro wa mradi P.1065 ulifika wizara ya anga Juni 1939. Machi 1940 Messerschmitt akapewa mkataba wa ndege tatu za majaribio. Bodi ikakamilika, injini hakuna. Tarehe 18 Aprili 1941 rubani wa majaribio Fritz Wendel akairusha V1, ndege ya kwanza ya majaribio, ikiwa na injini ya pistoni, Jumo 210, imefungwa puani. Yaani jeti inavutwa na panga boi. Tarehe 25 Machi 1942 wakafunga injini mbili za jeti za BMW 003, na nusura yao ni kwamba ile ya pistoni walikuwa hawajaing'oa: jeti zote mbili zilizima muda mfupi baada ya kupaa, mapanga ya kompresa yamekatika, Wendel akarudi uwanjani na pistoni peke yake. Safari ya kwanza kwa jeti tupu ni 18 Julai 1942, ndege ya V3 yenye Jumo 004A, injini ya jeti ya Junkers, uwanja wa Leipheim.

Suala la mabomu linaingia Novemba 1943. Sasa wanaomsingizia Hitler waniambie hiyo miaka mitatu iliyotangulia ilikwenda wapi.

#2 Baharia Mkavu
Naweka kambi hapa. Leteni nondo.

#3 Jirani wa Airwing
Mleta mada, unamsafisha mtu bure. Ungeendelea na tarehe zako mpaka mwisho tungeelewana.

Tarehe 2 Novemba 1943 Göring, mkuu wa jeshi la anga, alimuuliza Messerschmitt kama ndege inaweza kubeba mabomu. Akajibiwa inaweza, nafasi ya kufunga vishikio imo kwenye mchoro. Vishikio vyenyewe havikuwepo. Tarehe 26 Novemba Hitler akaonyeshwa ndege Insterburg, akauliza swali lilelile, akapewa jibu lilelile. Akaondoka akijua ana ndege ya kushambulia kwa mabomu. Tarehe 23 Mei 1944 kule Obersalzberg ndipo akagundua kwamba zote zinaundwa kama ndege za kuwinda ndege. Akafoka, akaamuru zigeuzwe.

Kugeuza si kubandika karatasi. Mabomu mawili ya kilo 250 chini ya pua yanavuta uzito mbele, na tangi la lita 600 la nyuma kabisa linarudisha mizani. Ukidondosha mabomu wakati tangi la nyuma bado limejaa, pua inapanda ghafla. Kwa hiyo rubani lazima amalize mafuta ya nyuma kwanza, na akisahau imekula kwake. Kifaa cha kulengea mabomu hakuna, anatumia kile cha kulengea mizinga. Juu ya hapo KG 51, kikosi cha ndege za mabomu, wakapewa amri wasishuke chini ya mita 4,000 na wasivuke kilomita 750 kwa saa wakiwa juu ya adui, ndege isije ikaanguka mikononi mwake. Kwa urefu huo na bila kilengeo, kupiga daraja ni bahati nasibu.

Mwishoni mwa Agosti 1944 akalegeza kidogo: katika kila ndege 20, moja iwe ya kuwinda. Ruhusa kamili ilikuja Novemba 1944. Majira mazima ya kiangazi yamepotea, na ndiyo yale majira ambayo Washirika walikuwa wanatua Normandy.

#4 Mama Turbini
#3 umeandika vizuri, ila swali la #1 hujalijibu. Hizo ndege alizozigeuza Mei 1944 zilikuwa ngapi zenye injini ndani? Mwanzoni mwa 1944 kulikuwa na bodi zimekamilika, zimepangwa, zinasubiri injini. Usanifu wa Jumo 004B kwa ajili ya kuzalishwa kwa wingi ulikuja kufungwa Juni 1944. Kabla ya hapo kila kundi la injini lilikuwa na mabadiliko yake.

Niseme kwa nini. Anselm Franz na timu yake pale Junkers, Dessau, walichora 004A bila kubania madini. Nikeli, kromi, molibdenamu, walitumia walichotaka ili kwanza waone kama dhana inafanya kazi. Ikafanya kazi: kompresa ya hatua 8 inayosukuma hewa moja kwa moja kwenda nyuma, chemba 6 za mwako, turbini ya hatua moja. Lakini ilikuwa na uzito wa kilo 850 hivi, na Ujerumani ya wakati ule isingeweza kuizalisha kwa maelfu. Nikeli ilikuwa ya kuhesabu.

Kwa hiyo 004B ni injini ileile iliyochorwa upya kwa ajili ya nchi isiyo na madini. Sehemu nyingi zilizokuwa za kusubu zikawa za bati la kukunja na kuchomelea, na karibu kilo 100 zikapungua. Chemba za mwako zikawa za chuma laini cha kawaida kilichopakwa alumini na kuokwa ili kisiliwe na kutu ya moto. Mapanga ya turbini yalitengenezwa kwa Tinidur ya Krupp, aloi yenye nikeli kama asilimia 30. Nikeli ikazidi kuadimika, ikaja Cromadur, ambayo manganizi imechukua nafasi ya nikeli.

Nusu ya kuchelewa kwa injini hii ni kazi ya kufundisha chuma cha kawaida kuishi kwenye nyuzi 700 na kitu za Selsiasi. Mabomu hayamo humo.

#5 Msee wa Embakasi
Wasee, Wajerumani walikuwa miaka kumi mbele. Angalieni yale mabawa yamelazwa nyuma. 1940 mtu ashapiga hesabu ya ukuta wa sauti! Labda ndege ilichelewa kwa sababu usanifu ulikuwa mgumu kuliko dunia ya wakati huo.

#6 Mchonga Rivet
#5 buda, hapo umeingia choo cha kike. Bawa la kwanza kwenye mchoro lilikuwa limenyooka. Injini za BMW ndizo zilizoharibu hesabu: ziliahidiwa nyembamba na nyepesi, kila barua mpya kutoka kiwandani ikawa inaleta injini nene zaidi na nzito zaidi. Kitovu cha uzito kikahama. Ukiwa umeshachora bodi, njia rahisi ya kurekebisha ni kuacha kipande cha katikati cha bawa kama kilivyo na kukunja vipande vya nje kwenda nyuma. Ndiyo hizo nyuzi 18.5 za ukingo wa mbele. Kipande cha ndani, kati ya injini na bodi, kilibaki na ukingo ulionyooka kwenye ndege za mwanzo. Baadaye kikaongezewa upana mbele ili mstari uendelee mpaka kwenye bodi, na sababu ilikuwa hewa kuachia bawa mapema sehemu hiyo.

Woldemar Voigt, aliyeongoza usanifu, alikuwa anatibu uzito. Wanasayansi wa Kijerumani walishajua faida ya bawa lililolala kwa mwendo wa kasi, hilo kweli, Busemann alilitaja tangu 1935. Lakini nyuzi 18.5 ni kidogo mno kuleta faida kubwa.

#7 Msee wa Embakasi
Sawa profesa. Lakini ilikimbia ama haikukimbia? Kilomita 870 kwa saa, Mustang ya Wamarekani inaachwa na zaidi ya 150.

#8 Mchonga Rivet
Ilikimbia kwa sababu ya bawa jembamba, bodi safi ya pembetatu, na msukumo wa kilo 900 kila upande usiokatwa na panga boi. Ukiipiga mbizi ikikaribia 0.86 ya mwendo wa sauti, pua inazama yenyewe na usukani hausikii. Hapo ukuta wa sauti ndio unaokupigia hesabu wewe.

#9 Gavana Mbovu
Hakuna aliyegusa magurudumu, na yalikula karibu mwaka.

V1 mpaka V4 zilikuwa na gurudumu la mkia. Kwenye ndege ya panga boi hilo halina shida, maana upepo wa panga unapita juu ya vibapa vya mkia, rubani anasukuma fimbo mbele, mkia unanyanyuka. Jeti haina upepo huo. Pua imeelekea juu, moshi wa injini unapiga lami, bawa limekinga mkia, vibapa vimelala kwenye hewa mfu. Unaweza kukimbia mpaka mwisho wa uwanja na mkia haujanyanyuka. Dawa waliyoipata pale Leipheim: ukifika kama kilomita 180 kwa saa, gusa breki mara moja. Pua inainama, mkia unapanda, vibapa vinapata hewa. Ukigusa mapema hainyanyuki. Ukikanyaga kwa nguvu, unapiga pua chini. Ukichelewa, lami imekwisha.

Wendel aliweza. Tarehe 11 Agosti 1942 akaja Heinrich Beauvais, rubani wa kituo cha majaribio cha Rechlin, V3 hiyohiyo, ikashindikana, akaishia nje ya uwanja na ndege ikaumia vibaya. Na huyo ndiye mtu ambaye ripoti yake wizara inaisoma. Hebu fikirieni imani ilishuka kiasi gani.

Gurudumu la pua lilikuja na V5, Juni 1943, tena la kudumu nje, limechukuliwa kwenye Me 309. La kukunjika likaja na V6 vuli ya mwaka huo. Mshindani wake Heinkel alishakuwa nalo kwenye jeti yake, He 280, tangu 1941. Huu ni ubishi wa Messerschmitt mwenyewe, wala si wa Hitler wala wa nikeli.

#10 Mzee wa Rostock
Asante #9, umenifungulia mlango. He 280 ilipaa kwa jeti zake mbili 30 Machi 1941. Hiyo ni zaidi ya wiki mbili kabla Me 262 haijapaa hata na pistoni! Ina gurudumu la pua, ina kiti cha kumrusha rubani nje, na kiti hicho kilimwokoa Helmut Schenk tarehe 13 Januari 1942, mtu wa kwanza duniani kuokolewa hivyo. Wizara ikaifuta Machi 1943. Mkitafuta nani aliichelewesha jeti ya Ujerumani, tafuteni aliyemkataa Heinkel.

#11 Sumu ya Panya
Mzee wa Rostock na Heinkel ni kama watu wa Simba na Yanga, timu ikifungwa refa kanunuliwa.

#12 Mama Turbini
#10, He 280 ilikuwa na injini gani? HeS 8 ya von Ohain, ambayo iliahidiwa msukumo wa kilo 700 hivi na ikawa inahangaika kwenye 500. Ulipokuja wakati wa kuamua, injini pekee iliyokuwa inaelekea kuzalishwa ilikuwa 004, na bodi ndogo ya He 280 haikuundwa kubeba injini ndefu na nzito kiasi hicho. Masafa mafupi, mkia wa mapezi mawili ukawa na matatizo ya mtikisiko. Kufutwa kwake kuna mantiki hata kama inauma.

Narudi kwenye 004 kwa sababu nimeacha kitu muhimu. Kiangazi cha 1943 mapanga ya turbini yalianza kukatika kwenye mwendo wa juu kabisa. Chuma kilipimwa, kikaonekana kizima. Chanzo kilikuwa mtikisiko. Chemba ziko 6, kwa hiyo kila panga likizunguka mara moja linapigwa na mikupuo 6 ya gesi ya moto. Nyuma ya turbini kuna mihimili 3 inayoshika bomba la nyuma, nayo inarudisha mapigo yake. Kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika mapigo hayo yaliangukia kwenye sauti ya asili ya panga lenyewe, na panga likatetema mpaka likachoka.

Kupima sauti ya asili ya mapanga 61 ya rota moja, vifaa vya wakati huo vilikuwa vya taabu. Junkers wakamwita mwanamuziki mwenye sikio kali, akawa anapitisha upinde wa fidla ukingoni mwa kila panga na kutaja noti. Max Bentele, aliyekuwa Hirth, akasaidia kusoma chanzo. Suluhisho: panga likafupishwa milimita 1, likachongwa jembamba zaidi kuelekea ncha, na mwendo wa juu ukashushwa kutoka 9,000 hadi 8,700. Kwa maneno haya ni mistari miwili. Kwa kalenda ni miezi, na ilitokea kabla ya onyesho la Insterburg.

#13 Chipukizi wa Veta
Wakuu samahani, nauliza kama mwanafunzi. Injini hizi zilikuwa zinawashwaje? Na kwa nini nasoma kwamba rubani akisukuma wenzo wa mafuta haraka injini inaungua? Gari ukikanyaga mafuta linaruka tu.

#14 Gavana Mbovu
Swali zuri, karibu.

Ndani ya koni iliyo katikati ya mdomo wa injini kuna injini nyingine ndogo, Riedel, silinda mbili zinazotazamana, ya kuchanganya oili na petroli kama ya bodaboda za zamani, nguvu za farasi 10 hivi. Inawashwa kwa umeme, na umeme ukigoma, fundi anavuta kamba kwa mkono kupitia tundu la koni. Riedel ikishapata moto inashikishwa kwenye shafti ya kompresa. Rota ikifika kama mizunguko 800, rubani anafungulia petroli ya kuwashia pamoja na cheche. Moto ukishika na rota ikakaribia 2,000, Riedel inaachiwa. Anaongeza taratibu, anaingiza mafuta yenyewe ya J2, yaliyotokana na makaa ya mawe ya kahawia, na kwenye 3,000 injini inakaa sailensa. Upande wa pili unarudia yote. Macho muda wote yako kwenye kipimo cha joto la moshi. Ukishindwa kuwasha, usijaribu tena kabla mafuta yaliyolala chini ya bomba hayajatoka, la sivyo yanawaka yote kwa mpigo na mwali unatoka nyuma.

Sasa kuhusu wenzo. Ukisukuma, mafuta yanaongezeka papo hapo, lakini rota ni nzito, haipati kasi papo hapo. Hewa ni ileile, mafuta ni mengi, kwa hiyo joto mbele ya turbini linapanda juu ya kile chuma kinaweza kuvumilia. Mapanga yanalainika na kurefuka, yanasugua ganda. Au presha ya mwako inaishinda kompresa, hewa inarudi mbele, moto unazima. Chini ya mizunguko 6,000 ulitakiwa kusogeza wenzo kidogo kidogo mno. Juu ya 6,000 gavana, kidhibiti cha mafuta, inamudu yenyewe.

Matokeo yake yako kwenye kutua. Rubani hathubutu kushuka chini ya 6,000 mpaka awe na uhakika anatua, kwa sababu akishashuka hawezi kughairi. Ndege haina breki za hewani, kwa hiyo inakuja kwa mstari mrefu, imenyooka, polepole. Mustang na zile Tempest za Waingereza walikuwa wanawasubiri hapo hapo, juu ya viwanja vya Achmer na Rheine.

#15 Chipukizi wa Veta
Nimekuelewa mkuu, shukrani.

#16 Hanga la Kibo
Kuongezea #14: wanaoshika ndege ndogo za Caravan za huku wanalijua tatizo hili hata leo. Kwenye injini yake ya turbini, PT6, ukifungulia mafuta kabla kompresa haijapata kasi ya kutosha kwa sababu betri imechoka, joto linapaa na unaweza kuharibu turbini nzima ndani ya sekunde chache. Tofauti ni kwamba PT6 ina aloi za nikeli mle ndani. Jumo ilikuwa na bati lililopakwa alumini.

Na hili la "injini ilidumu saa 10 tu" lisemwe vizuri. Ni kati ya saa 10 na 25 kabla ya kushushwa na kufunguliwa, na mengi yalitegemea mkono wa rubani kwenye wenzo. Mpangilio ulikubali hilo: injini inaning'inia chini ya bawa kwenye pointi chache, unashusha, unapandisha nyingine. Bei ya 004 moja ilikuwa kama Reichsmark 10,000, wakati Jumo 213 ya pistoni ilikuwa 35,000. Ukiiangalia hivyo, waliunda injini ya kutumia na kubadilisha kwa makusudi kabisa.

#17 Sumu ya Panya
Mmejadili chuma mpaka mmesahau ofisi. Milch wa wizara ya anga alifuta Me 209, ndege ya pistoni, Mei 1943 ili nguvu zote ziende kwenye 262, siku chache baada ya Galland, mkuu wa marubani wa ndege za kuwinda, kuirusha V4 tarehe 22 Mei na kurudi amechanganyikiwa kwa furaha. Messerschmitt hakukubali. Me 209 ilikuwa mtoto wake. Akapita mlango wa juu, ikarudishwa kwenye mpango, wachoraji wakagawanywa tena kwa miezi kadhaa mpaka ilipofutwa moja kwa moja.

Halafu 17 Agosti 1943 Wamarekani wakapiga Regensburg, wakaharibu mitambo ya kushikia bodi za 262. Kampuni ikahamishia ofisi ya usanifu Oberammergau, milimani. Februari 1944 Augsburg na Regensburg zikapigwa tena. Kila kuhama kuna gharama: michoro, jigi, mafundi, reli.

#18 Mchonga Rivet
Kuhama kulionekana kwenye ndege zenyewe. Pua, inayobeba mizinga minne, ni ya bati la chuma, bodi nyingine ni alumini, na vipande vilitoka karakana tofauti. Vikifika kwenye kuunganishwa havikutani sawasawa. Mwanya wanaziba kwa puti, wanasugua, wanapaka rangi. Ukiona picha za ndege zisizopakwa rangi kamili, ile mistari myeupe kwenye maungio ndiyo puti yenyewe.

#19 Sumu ya Panya
Na nani aliyekuwa anaunganisha? Tusiongee kama vile ni mafundi wa mshahara. Msituni karibu na Burgau wapo wafungwa wa kambi ndogo zilizo chini ya Dachau, ndege zinaondokea kwenye barabara kuu ya Autobahn. St. Georgen kule Austria, handaki la Bergkristall, bodi zinatoka mikononi mwa wafungwa wa Gusen waliokuwa wanakufa kwa maelfu. Walpersberg karibu na Kahla, vibarua wa kulazimishwa wamechimba mlima, ndege zinapandishwa kwa reli ya mteremko mpaka juu na kuruka kwenye uwanja mfupi kwa msaada wa roketi. Anayesifia "ufundi wa Kijerumani" 1945 akumbuke hayo.

Na bado, zimeundwa kama 1,430, zilizowahi kupigana ni 300 hivi. Nyingine ziliungua kwenye reli, viwanjani, au zilikosa marubani na mafuta. Hapo Hitler na nikeli wote wanakuwa wadogo.

#20 Jirani wa Airwing
#19 hapo kwa 1945 nakubaliana. Mada lakini ni 1944.

Halafu #4, unasema bodi zilikuwa zinasubiri injini. Sawa. Kikosi cha majaribio cha Lechfeld kiliundwa Desemba 1943 chini ya Thierfelder, na ndege za kufundishia mbinu kilianza kuzipata majira ya kuchipua 1944. Thierfelder akafa 18 Julai. Kikosi cha Kommando Nowotny kinaingia kazini Oktoba na bado marubani wanajifunza namna ya kutua. Nowotny mwenyewe anauawa 8 Novemba karibu na Achmer. Kama ile miezi ya Juni hadi Septemba ndege zote zingekwenda kwa wawindaji badala ya KG 51, mbinu zingekomaa kabla ya msimu wa baridi. Injini chache si hoja ya kuzipeleka pabaya hizo chache.

#21 Mama Turbini
Ndege chache zenye injini za saa 10 kwa marubani waliokuwa bado wanaziunguza kwa wenzo. Utakomaza mbinu gani?

#22 Jirani wa Airwing
Hiyo ndiyo maana ya kukomaza.

#23 Gavana Mbovu
Mizinga nayo ilihitaji kukomazwa. MK 108 nne, milimita 30, risasi 100 kila mmoja kwa ile miwili ya juu na 80 kwa ya chini. Risasi moja ya mlipuko ina gramu 330 hivi, chache tu zinatosha kushusha ndege kubwa ya mabomu ya injini nne. Lakini mtutu ni mfupi, risasi inatoka kwa mita 540 kwa sekunde, inashuka njiani, lazima usogee karibu, na unasogea kwa kasi ambayo inakupa sekunde mbili tatu za kufyatua. Ukikata kona kali, ukanda wa risasi unavutwa na kukatika au kukwama. Ndiyo maana baadaye wakafunga roketi za R4M, 12 kila bawa kwenye reli za mbao, ukafyatua zote kabla ya kuingia kwenye mizinga ya adui.

#24 Baharia Mkavu
Kambi imenoga. Swali la kizushi: ilipokutana na Meteor ya Waingereza nani alishinda?

#25 Hanga la Kibo
Hazikuwahi kupambana. Meteor za kikosi cha 616 zilianza Julai 1944 kuwinda V-1, yale mabomu ya kuruka ya Wajerumani, juu ya Uingereza, na zilipovushwa kwenda bara zilizuiwa kwanza kupita mstari wa mbele. Injini ya Welland ilikuwa na kompresa ya kutawanya hewa pembeni, nene na yenye msukumo mdogo, ila saa 180 kati ya ovahauli moja na nyingine. Waingereza walikuwa na nikeli.

#26 Msee wa Embakasi
Kuna mahali Afrika mtu anaweza kuiona hii kitu kwa macho?

#27 Mzee wa Rostock
Johannesburg, makumbusho ya kitaifa ya historia ya kijeshi pale Saxonwold. Na si ya kawaida: ni B-1a/U1, ya viti viwili, mwindaji wa usiku mwenye antena za rada puani, namba 8 nyekundu. Ndiyo pekee ya aina hiyo iliyobaki duniani. Ukiifikia angalia gurudumu la pua: halina usukani, linajizungukia tu, rubani anaelekeza kwa breki za magurudumu makubwa. Ukichanganya hilo na mguu mwembamba unaelewa kwa nini zilikuwa zinavunjika pua kwenye kutua.

#28 Mchonga Rivet
Na Czechoslovakia waliendelea kuziunda baada ya vita kama Avia S-92. Warusi wakainakili 004 wakaiita RD-10, wakaifunga kwenye Yak-15.

#29 Nondo za Anga
Nimesoma zote. #9 wa magurudumu umeniongezea mtuhumiwa, #17 mwingine. Lakini #3 na #20 bado mna deni: hiyo 1 katika 20 ilihusu ndege ambazo zina injini. Nionyesheni mwezi mmoja kabla ya Septemba 1944 ambao Junkers walitoa 004B za kutosha bodi zote zilizokuwepo.

#30 Jirani wa Airwing
Nami nakuuliza: kama injini ndizo zilikuwa zinabana, kwa nini nusu yake ziende kwenye ndege iliyoamriwa kuruka kilomita 750 kwa saa, mwendo wa ndege ya pistoni? Naendelea kesho, nina hesabu ya mafuta ya KG 51 ya lita 2,570 kwa ndege moja nataka kuiweka hapa.

#31 Mama Turbini
Ilete. Na unapoileta, gawanya: 900 mbele, 900 nyuma ya rubani, 170 chini ya kiti, na zile 600 zako za nyuma kabisa.